Nguo za Nyumbani za Kazini

Zilpah Andati alikuwa na sheria moja nyumbani kwake Navakholo, nayo ilimzidi umri hata mtoto wake wa kwanza: nguo za kazi hazilali chumba kimoja na watu. Sheria hiyo hakuitoa kitabuni. Kwa miaka kumi na minne alikuwa afisa wa mashambani wa kiwanda kimoja cha sukari, na kila jioni alirudi na vumbi la miwa, masizi ya mashamba yaliyochomwa, na vile vinyoya vya majani ya muwa ambavyo vikishaingia kwenye blanketi, nyumba nzima hujikuna hadi Jumapili. Kwa hiyo koti lake la kijani lilitundikwa kwenye msumari wa stoo, buti zikabaki mlangoni, na besheni ya kufulia nguo za kazi haikuwahi kuonja shuka. Akishavua lile koti, afisa alibaki huko huko stoo. Aliyeingia jikoni alikuwa Mama Mitchel, na huyo hakuna aliyemuuliza habari za mbolea.

Kiwanda kikaanza kusuasua, kikapunguza watu, na Zilpah akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alikaa nyumbani miaka miwili. Alipofika miaka arobaini na minne akapata kazi Kakamega mjini, katika kampuni iliyoitwa Jembe Janja, ambayo iliwashauri wakulima kwa simu. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kumweleza mkulima kwa nini mahindi yake yamegeuka manjano. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote katika ofisi ile, mwenye kampuni akiwemo.

Mwenye kampuni aliitwa Chrispinus Simiyu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Lumakanda, na kilimo alikisomea Nairobi, katika chumba chenye zulia. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Milimani. Viti aliviondoa, akaweka magunia makubwa ya rangi yaliyojazwa vipande vya sponji, ili watu wakae kwa raha. Mzee mmoja wa Shianda aliyekuja kuuliza bei ya mbegu aliketi juu ya gunia mojawapo saa nne asubuhi, na hadi saa sita alikuwa bado anatafuta adabu ya kuomba anyanyuliwe.

Siku ya kwanza Zilpah alifika amevaa suti ya rangi ya samawati iliyoiva, sketi na koti, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikasimama yenyewe. Chrispinus alimwangalia toka kichwani hadi kwenye viatu.

"Dada Zilpah," akasema, "umekuja kazini ama umekuja kortini?"

Vijana wakacheka. Zilpah naye akacheka, kwa kuwa ndiyo kwanza anaajiriwa. Chrispinus akamweleza kwa upole kwamba hapo hakukuwa na bosi, wala madam, wala mheshimiwa. Hapo palikuwa nyumbani. Yeye aitwe Chris, basi, na kila mtu avae kama anavyovaa kwake. Zilpah akauliza ni zipi hasa, maana kwake kulikuwa na nguo za kukamulia, nguo za kupikia, na nguo za kumkaribishia mgeni. Chris akacheka tena, akamwambia avae zozote zinazompa uhuru.

Haikuchukua wiki, Zilpah akagundua kwamba uhuru ule ulikuwa na sare yake. Jinzi ilitakiwa ichanike magoti yote mawili. Iliyochanika goti moja ilihesabiwa kuwa ni ajali. Raba zilitakiwa ziwe nyeupe, nyeupe ya kitu ambacho hakijawahi kukutana na mvua ya Kakamega. Fulana ilitakiwa iwe na maneno ya Kiingereza yasiyohusiana na kilimo. Winrose, msichana aliyepokea wageni, alikuwa na nguo za nyumbani ambazo ungemwona nazo mama wa Navakholo, ungeuliza harusi ni ya nani. Mtu pekee aliyevaa kama mfanyakazi alikuwa mlinzi wa getini, mwenye shati lenye nembo mabegani na kofia. Wakulima waliotoka mbali walimvulia kofia zao, wakamweleza shida zote za shamba hapo hapo, wakidhani ndiye mkurugenzi.

Zilpah hakutaka kuwa mkaidi. Alikwenda kwenye mitumba akachagua jinzi, na kwa mazoea yake akachagua isiyo na tundu. Winrose akamwambia, kwa nia njema, kwamba anafanana na fundi wa bomba. Akanunua na fulana mbili. Basi, nguo hizo hakujua azitundike wapi. Stoo hazikustahili, kwa kuwa hazikuwa na masizi. Chumbani hazikustahili, kwa kuwa zilikuwa za kazi. Zikaishia kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti zikaanza kutembea zenyewe. Jumanne alijikuta anakamua ng'ombe akiwa na fulana ya ofisini; Jumatano alikuwa ofisini na fulana inayonuka maziwa. Simu za wakulima nazo zikafuata zile nguo hadi nyumbani. Mtu angepiga saa mbili usiku kuuliza habari za viwavi, na Zilpah, akijitazama na kujiona amevaa vile vile alivyokuwa mchana, alikosa sababu ya kutojibu.

Kijijini nako maneno yakaanza. Navakholo mtu husomwa kazi yake kwa pasi ya nguo zake. Mwanamke anayetoka saa moja asubuhi na jinzi na fulana hatoki kwenda kazini. Anatoka kwenda kutafuta. Jirani mmoja akamsimamisha njiani akamwomba, kwa kuwa hana haraka, amsaidie kupalilia mistari miwili. Mumewe, Isaiah, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa tai tatu, aliyeamini kwamba tai ndiyo ukuta wa mwisho uliobaki kati ya mwalimu na wanafunzi. Hakumkataza mkewe. Kila asubuhi alimuuliza tu, kwa sauti ya kuita majina ya darasa, kama hizo ni nguo za kwendea ama za kurudia.

Mambo yakaendelea hivyo kwa miezi, hadi ile asubuhi ya ng'ombe.

Ng'ombe wao alianza kuzaa alfajiri, na ndama akaja miguu ya nyuma ikitangulia. Isaiah alikuwa ameshaondoka. Zilpah alivuta, akasukuma, akaomba, akavuta tena. Ndama alipoanguka chini mzima na kupiga chafya, ilikuwa saa mbili kasoro robo, na saa mbili unusu alitakiwa awe kwenye simu. Alinawa mikono na uso. Alikuwa na gamboti, lesso kuukuu iliyofungwa kiunoni, kitambaa kichwani, na sweta la kahawia la Isaiah lenye tundu kwenye kiwiko. Akasimama akafikiri. Aliambiwa avae kama yuko nyumbani, na hakuna siku aliyokuwa nyumbani zaidi ya siku hiyo. Akasimamisha bodaboda.

Ofisini, alipoingia, watu waligeuka. Winrose alishika pua, akajifanya anaikuna. Zilpah akaketi mezani pake, akavaa vile vidude vya masikioni, akaanza kumjibu mtu wa Matungu habari za kunde. Ndipo Chris akatoka chumbani kwake, akamwona, na uso wake ukachanua.

Hakumkemea. Alimwambia kwamba huo ndio moyo wa Jembe Janja, kwamba katika wote yeye ndiye wa kwanza kuelewa. Akamwomba watoke nyuma ya nyumba, penye mparachichi, apigwe picha moja ya kuweka kwenye kundi la wafanyakazi. Zilpah akajipanga kutabasamu. Chris akamwambia asitabasamu. Atazame mbali, kama anayesubiri mvua. Zilpah akatazama mbali. Alikuwa anawaza kama ndama ameanza kunyonya.

Wiki tatu zilipita. Ijumaa moja Isaiah alirudi kutoka kwenye mkutano wa walimu uliofanyika Shianda. Alikaribishwa mezani, akanawa, akamega obusuma, ule ugali wa kwao, akatafuna muda mrefu kuliko obusuma inavyohitaji.

"Mama Mitchel," akasema mwishowe, "nimeona sweta yangu Shianda."

Zilpah alidhani mumewe ameibiwa. Isaiah akamweleza taratibu. Sweta lilikuwa sokoni, juu ya bango refu kama mlango wa kanisa, na ndani ya sweta alikuwemo mke wake. Pembeni ya kichwa chake paliandikwa: JANA. Chini yake: Mama Nasambu hakujua kwa nini mahindi yake yanakufa. Na upande wa pili wa bango palikuwa na mwanamke mwingine, mwenye kitenge kinachong'aa, amekumbatia boga, anacheka. Hapo paliandikwa: LEO. Walimu wenzake walisimama naye chini ya bango hilo. Hakuna aliyesema neno, na huo ukimya, Isaiah alisema, ulimpa shida kuliko kama wangecheka.

Kesho yake Zilpah alikwenda kujionea. Mwanamke wa LEO alikuwa Winrose. Ushauri wa Jembe Janja ulikuwa umemwondolea Mama Nasambu umaskini, miaka ishirini, na sehemu kubwa ya weusi wake. Zilpah alisimama pale sokoni, amevaa gauni lake la Jumamosi, akijitazama akitazama mbali. Muuza mitungi aliyekuwa karibu akamwambia kwamba yule mama wa kushoto ana mikosi, unaona tu machoni. Hakumtambua. Zilpah hakujua afurahi ama ahuzunike. Alipanda bodaboda akarudi nyumbani, na njia nzima alikuwa na joto masikioni.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama wa kanisa walikuja kwake sita, na mahindi ya kuchemsha, na sukari, na kuku mmoja, na magauni mawili yaliyovaliwa lakini safi. Waliomba kwa muda mrefu. Mmoja alimwomba Mungu amfungue Zilpah macho aelewe mahindi. Zilpah, ambaye nusu ya mashamba ya akina mama wale aliyapima kwa mkono wake enzi za kiwanda, aliitikia amina. Magauni aliyarudisha kwa heshima. Kuku hakurudi.

Na simu nazo zikabadilika. Mtu wa Mumias alipiga akauliza kama ile dawa aliyotumia mama wa Shianda bado ipo. Zilpah akamuuliza ni dawa ya mahindi ama ya viwavi. Yule bwana akashusha sauti, akasema ni ya mke.

Jumatatu Zilpah aliingia chumbani kwa Chris bila kubisha, kwa kuwa mlango uliondolewa zamani kwa ajili ya uwazi. Alimwambia kwamba zile nguo zilikuwa zake, uso ulikuwa wake, na jina halikuwa lake, na kwamba bango lishuke. Chris alimsikiliza akiwa amejilaza kwenye gunia. Akasema anamwelewa kabisa. Akasema kwamba tangu bango lipande simu zimeongezeka maradufu. Akasema uhalisia kama ule hauwezi kutengenezwa. Na akasema wafadhili wanakuja Ijumaa, watu wa ng'ambo, na wanachotaka kwanza ni kumwona Mama Nasambu.

"Mama Nasambu hayupo," Zilpah akamwambia.

"Si ndiyo maana nakuomba," Chris akajibu. "Ijumaa uje kama siku ile. Siku moja tu. Si wewe ni mtu wa hapa nyumbani?"

Zilpah alimweleza kwamba lile sweta Isaiah amelifungia sandukuni, na lesso ile ilitumiwa kumpangusia ndama. Chris akasema hilo halina neno. Mchana ule ule Winrose alitumwa sokoni, akarudi na lesso mpya, sweta la mtumba na gamboti ambazo bado zilikuwa na karatasi ya dukani kwenye soli. Akazitoa nje, akazipaka matope ya kwenye bustani ya maua, akatoboa kiwiko cha sweta kwa makasi, akazitundika nguo hizo kwenye hanga nyuma ya mlango wa choo. Juu ya hanga akabandika kikaratasi: Zilpah, nyumbani.

Hapo ndipo Zilpah alipoelewa hesabu ya maisha yake ilipofikia. Asubuhi angetoka kwake na nguo za nyumbani za kwendea kazini. Akifika angevaa nguo za nyumbani za kazini. Jioni angerudi avae nguo za nyumbani za nyumbani. Na katika hizo zote, nguo za kazi hakuna. Alipomweleza Isaiah, mwalimu aliuliza zile za hanga zitafuliwa na nani, maana matope yake si ya boma lao.

Kukataa alifikiria. Lakini Mitchel alikuwa kidato cha tatu, na ile miaka miwili ya kukaa nyumbani Zilpah hakuwa ameisahau. Akanyamaza. Alhamisi akawa anajibu simu kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye msiba.

Simu moja ilikuwa ya mteja wake wa kawaida, mama mmoja wa Lumakanda aliyejiita Mama Christine. Huyu alikuwa akipiga kila wiki. Zilpah ndiye aliyemfundisha kutia jivu na mchanga katikati ya majani ya mahindi ili kuua viwavi jeshi, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana kama ndugu. Siku hiyo Mama Christine alimaliza habari za viwavi, akakaa kidogo kwenye simu, kisha akasema kwamba kijana wake pia anafanyanga kazi kwa hiyo ofisi, tena ni mkubwa hapo. Zilpah akauliza ni nani.

"Chrispinus," mama akasema, kwa fahari. "Yeye anakujanga kuniona kila mwisho wa mwezi. Suruali ya pasi, shati nyeupe, viatu nyeusi. Huwa namwambia baba yake, angalia, ofisi imetulelea mtoto."

Zilpah aliangalia ukutani. Kule upande wa pili, palipoondolewa mlango, Chris alikuwa amelala chali kwenye gunia la manjano, magoti yake mawili yametokeza kwenye matundu ya jinzi kama viazi vitamu viwili. Kumbe naye alikuwa na sheria yake ya kutenganisha nguo, ila aliipindua: za heshima alimpelekea mama, zilizochanika akaja nazo kazini.

Mama Christine akaendelea kusema kwamba alikuwa na hamu ya kuona hiyo ofisi, lakini kijana alimwambia kuna askari mkali, na wasiovaa suti hawaruhusiwi kuingia. Zilpah akavuta pumzi. Baadaye alimwapia Isaiah kwamba alilosema alilisema kwa roho safi. Isaiah akamwambia aifue tena.

"Mama, njoo kesho saa nne," ndivyo alivyosema. "Kuna wageni, na wakulima wote wanakaribishwa. Askari nitamwambia mimi."

Ijumaa wafadhili walifika wawili, mwanamke mrefu na mwanamume mwenye daftari, wote wamevaa suti nyeusi. Chris aliwapokea akiwa na jinzi ambayo safari hii tundu la kushoto lilipanda hadi katikati ya paja. Akawazungusha, akawaonyesha magunia, akawaketisha juu yake, wakadidimia. Kisha akamwita Mama Nasambu.

Zilpah akatoka chooni na nguo za hanga. Gamboti zilimbana. Alisimama mbele ya wageni, na Chris akaanza kumsimulia, mkono wake ukiwa begani kwake: jinsi mama huyu alivyokuwa akipanda bila kujua, jinsi alivyolia shambani, jinsi alivyosikia habari za Jembe Janja. Winrose aliwekwa pembeni awe mkalimani, kwa kuwa Mama Nasambu hakujua Kiingereza. Yule mwanamke mrefu aliinama mbele kwa upole mwingi, akauliza maisha yalikuwaje siku za nyuma. Winrose akatafsiri. Zilpah akafungua mdomo, na ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Mulembe hapa."

Mama Christine alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, lesso mpya juu ya gauni, na karanga kwenye kikapu. Alisalimia chumba kizima. Kisha macho yake yakatafuta, yakampata mwanawe, yakashuka hadi magotini, na yakabaki hapo.

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akafungua lesso yake, akaenda moja kwa moja hadi kwa Chrispinus, akamfunga kiunoni kama anavyofungwa mtoto aliyejikojolea safarini, akakaza fundo. Lesso ilimfika kwenye vifundo vya miguu, na kwa mbele ilisomeka vizuri: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

"Usiwaonyeshe wageni magoti," akamwambia. "Wamekukosea nini?"

Midomo ya Chris ilikuwa ikitafuta neno katika lugha zote alizozijua. Mama akawageukia wageni, akawashika mikono wote wawili, akawapa pole kwa kukalishwa chini. Halafu akamwona mwanamke wa gamboti, akamuuliza kwa huruma ametoka shamba gani.

"Ni mimi, Mama," Zilpah akasema. "Zilpah wa simu."

Sauti hiyo Mama Christine angeitambua hata ikitoka kisimani. Akamkumbatia. Akamwambia viwavi wamekufa wote. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akamtazama tena.

"Na mbona umevaa hivi? Wewe si ndiye mwalimu wa mahindi?"

"Hizi ndizo nguo za kazi, Mama," Zilpah akamjibu.

Mwanamke mrefu akamgeukia Winrose atafsiri. Winrose akatazama dari. Basi Zilpah akatafsiri mwenyewe, kwa Kiingereza kile kile alichokuwa akiandikia ripoti kiwandani, kilichonyooka kama mstari wa miwa. Aliwaambia jina lake. Akawaambia ana diploma ya kilimo na miaka kumi na minne shambani, na kwamba katika ofisi hii yeye ndiye anayejibu simu, na kwamba gamboti hizi zilinunuliwa Jumatatu na zinabana. Mgonjwa wa JANA na daktari wa LEO, akasema, wote ni yeye; yule wa kitenge anapokea wageni. Alisema bila hasira. Hasira ilimjia baadaye, njiani, akiwa peke yake, na ilikuwa imechanganyika na kicheko.

Yule mwanamume wa daftari aliandika kurasa tatu. Chris alikuwa ameshikilia fundo la lesso kwa mikono miwili, anasubiri mbingu imwangukie.

Haikuanguka. Baada ya wageni kuondoka, Zilpah alimwambia Chris mambo mawili mbele ya mama yake: bango lishuke, na kuanzia Jumatatu yeye atavaa anachojua kuwa ni cha kazi. Mama Christine akauliza ni bango gani. Chris akasema upesi kwamba ni jambo dogo, limekwisha. Jumamosi asubuhi alionekana Shianda yeye mwenyewe, juu ya ngazi, anang'oa misumari, na watu wa soko wanasema alikuwa amevaa suruali ya pasi.

Jumatatu Zilpah alifika na suti yake ya samawati. Hakuna aliyetaja korti. Jioni aliivua stoo, akaitundika, akazima simu ya kazi, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Ng'ombe walimkuta na nguo za ng'ombe.

Mwezi mmoja baadaye ripoti ya wafadhili ikaja, na Winrose akaisoma kwa sauti. Zilpah alitegemea angalau sentensi moja ya aibu. Walimtaja, ni kweli: mkulima aliyeinuliwa na kampuni hadi akazungumza Kiingereza. Lakini aya ndefu kuliko zote ilikuwa ya mkurugenzi kijana ambaye, mbele ya wageni, alivishwa vazi la heshima na mama mzazi, kwa desturi ya mahali hapo, kuonyesha kwamba anawatumikia wanawake wa shambani. Wageni walisema hawajawahi kuona jambo la kugusa moyo kama hilo. Walipendekeza liwe la kila wiki.

Chris aliisoma aya hiyo mara mbili, taratibu, na uso wake ukachanua kama siku ile ya mparachichi. Kabla ya chakula cha mchana tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani: kila Ijumaa, wanaume wote wa Jembe Janja watavaa lesso.

Zilpah alisoma tangazo hilo akiwa amesimama, mikono kwenye mifuko ya koti. Kisha akamwambia Chris kwamba la nguo za wanaume yeye halimhusu, ila kama wanataka kufundishwa kufunga fundo lisiloteleza, yupo mezani pake hadi saa kumi. Ijumaa ya kwanza walikuja wote sita, wakapanga foleni. Ya Chris ilianguka mara mbili kabla ya chai.